Mabaka meusi usoni mwa mtoto

Alama ya kuzaliwa nayo ni habari nyingine. Hapa tunazungumzia mabaka yanayojitokeza baadaye, shavu au paji la uso likiwa hapo awali halina doa lolote. Mara nyingi baka la namna hii ni alama tu, na kilichoiacha kimeshapita.

Rangi ya ngozi hutokana na melanini. Ngozi ikivimba, ikichubuka au ikikunwa sana, seli zinazotengeneza melanini huzidisha kazi. Kidonda kinapona, rangi inabaki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upake nini, kumbuka hapo palikuwa na nini: tetekuwanga, kuumwa na wadudu, pumu ya ngozi, kuungua? Watoto wenye ngozi nyeusi hubaki na alama hizi kwa urahisi zaidi. Baka la kahawia lina melanini tabaka la juu, na kwa kawaida hufifia ndani ya miezi. Likiwa la kijivu au linaelekea samawati, melanini imezama chini zaidi, na huenda likakaa miaka.

Umbo nalo husema mengi. Weusi unaozunguka mdomo kama pete humwonyesha mtoto anayelamba midomo kila mara. Michirizi isiyoeleweka, pengine hata alama za vidole, inaweza kuwa kazi ya ndimu: mzazi amekamua ndimu, akamshika mtoto shavuni bila kunawa, kisha mtoto akacheza juani. Hakuna anayeikumbuka ndimu, maana ngozi huanza kubadilika baada ya siku moja au zaidi.

Lipo pia doa la mviringo linalowaka upya palepale kila mtoto anapomeza dawa fulani, hasa zenye salfa. Hilo mwambie daktari, na utaje jina la dawa. Weusi mnene, laini kama mahameli, ambao uko shingoni na kwapani pia, huendana mara nyingi na uzito mkubwa na insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, kutofanya kazi vizuri. Si uchafu, na kumsugua mtoto ni kumtesa bure.

Tiba huanza na chanzo: tuliza muwasho, kata kucha fupi, mvalishe kofia yenye ukingo mpana. Krimu za kung'arisha ngozi zisimguse. Nyingine zina zebaki, ambayo ni sumu, au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe), na mwili mdogo hunyonya sehemu kubwa zaidi ya kinachopakwa ukilinganisha na uzito wake.

Mpeleke hospitali baka likizidi kupanuka, likiwa gumu au halina hisia. Usisubiri kabisa endapo anakonda, anachoka ovyo, na weusi unaonekana pia kwenye fizi na mistari ya viganja. Hapo daktari atataka kupima homoni za tezi zilizo juu ya figo.