Chumba cha Maajabu: Maana ya Dhana na Namna Kinavyochunguzwa

Chumba cha maajabu, ambacho Wajerumani walikiita Wunderkammer, ni mkusanyo wa vitu adimu uliowekwa na watawala, matabibu na wanazuoni wa Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, kabla makumbusho ya umma hayajaenea. Humo viliwekwa pamoja vitu vya maumbile, kama vile makombe ya baharini, madini, mifupa na wanyama waliokaushwa, na kazi za mikono ya binadamu, kama vile sanamu, saa na vyombo vya kupimia nyota. Kwa tabibu wa kawaida huenda kilikuwa kabati moja tu, ilhali kwa Rudolf II, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, katika ngome ya Prague, kilijaza vyumba kadhaa.

Ni rahisi kuyaona makusanyo hayo kuwa stoo ya matajiri wasiojua kuchagua, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Mwaka 1565 Samuel Quiccheberg, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Bavaria, alichapisha mjini Munich mwongozo wa kupanga mkusanyo wa namna hiyo kwa makundi, akitaka vitu vyote vya ulimwengu viweze kuchunguzwa mahali pamoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni birika lililotengenezwa Prague mwaka 1602, ambalo sasa limehifadhiwa Vienna. Tumbo lake ni nusu ya nazi kubwa ya Shelisheli, iliyochongwa viumbe wa baharini na Nikolaus Pfaff, kisha ikavikwa fedha iliyopakwa dhahabu na sonara Anton Schweinberger. Wakati huo hakuna Mzungu aliyejua mti wake unaota wapi, kwa kuwa nazi zenyewe ziliokotwa zikielea au zikiwa zimetupwa ufukweni, hasa Maldivi, na wengi waliamini kwamba mti huo humea chini ya bahari. Mafundi hao hawakuwa wakipamba tu. Walikuwa wakieleza, kwa patasi, nadharia ya wakati wao kuhusu asili ya tunda.

Tabibu Ole Worm wa Copenhagen alikitumia chumba chake kwa njia nyingine. Pembe ndefu zilizosokotwa, zilizouzwa kwa bei ghali kama pembe za yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, alizilinganisha na fuvu ambalo “pembe” hiyo ilikuwa bado imeshikamana nalo, na mwaka 1638 akaonyesha kwamba ni jino la mnyama wa jamii ya nyangumi aishiye katika bahari za kaskazini. Hata hivyo aliendelea kujiuliza iwapo unga wake hutibu sumu, jambo linaloonyesha kwamba uchunguzi na imani ya zamani viliweza kukaa katika kichwa kimoja bila ugomvi.

Watafiti wa leo hutegemea zaidi orodha za mali kuliko vitu vyenyewe, maana vingi vilitawanyika. Jeshi la Uswidi lilipopora Prague mwaka 1648, mkusanyo wa Rudolf ulivunjika, lakini orodha iliyoandikwa kati ya 1607 na 1611 imesalia, na kwa kuisoma ingizo baada ya ingizo wanahistoria wa sanaa na wa sayansi huweza kutambua kitu kipi kilihesabiwa katika kundi gani, na kukilinganisha na vilivyopo Vienna, Prague na Stockholm.