MV Liemba haikuzamishwa na Waingereza

Wageni wanaofika Kigoma bado huambiwa kwamba MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa vitani na Waingereza. Sivyo. Wajerumani ndio walioiunda pale pale Kigoma, kwa vipande vilivyotoka Papenburg, Ujerumani, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi.

Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito, maana chuma kilichoguswa na maji miaka mingi huliwa na kutu hadi sehemu zinazozunguka zikagandamana. Waingereza ndio walioiibua, mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.