Woshi sio kulipaka lori matope

Jamani, huku Mbeya wengi wanaotengeneza modeli za malori wanaamini woshi (ile rangi nyepesi sana ya kutoa vivuli kwenye modeli) ni kuchukua rangi nyeusi, unaizimua na maji unamwagia gari zima ndo lionekane limetoka Tunduma. Hapana aisee. Kazi ya woshi ni kuingia kwenye mifereji, kona za milango na pembeni ya ribiti ili kivuli kionekane, ukipaka kote unapata mabaka tu.

Na juu ya rangi iliyofubaa (isiyong'aa) ndo balaa, inafyonza doa halitoki, kwa hiyo piga kwanza vanishi ya kung'aa, ikauke kabisa, halafu gusa mstari kwa ncha ya brashi nyembamba, woshi itakimbia yenyewe. Kama chini ni akriliki (rangi ya maji) tumia woshi ya mafuta na waiti spiriti, kiyeyusho cha rangi za mafuta (sio thina kali ya gereji, ile itakula kila kitu!), ikianza kukauka unafuta ziada kwa brashi yenye unyevunyevu wa waiti spiriti hiyo hiyo, unavuta kwenda chini kama mvua inavyoshuka. Nyeusi tupu mi siipendi, kahawia iliyokolea inakaa vizuri zaidi hasa kwenye gari jeupe.

Vumbi jekundu? Hiyo kazi nyingine, inakuja mwishoni kwa poda ya rangi, juu ya vanishi ya kufubaa.