Kikao cha kuacha pombe si baraza la chifu

Tangu wahudumu wa afya ya jamii waanze kupita mitaa ya Nyalenda, Obunga na Manyatta hapa Kisumu wakiwahimiza watu wajiunge na vikundi vya kuacha pombe, maswali yanayofika mezani petu katika idara ya afya ni yale yale. Mke anauliza tutatuma gari lini kumchukua mumewe. Kijana wa bodaboda anataka kujua kama atanyang'anywa leseni akionekana pale. Juzi mzee mmoja alituletea barua ya chifu, imekunjwa mara nne na kupigwa muhuri, akiamini kwamba bila hiyo hataruhusiwa kuketi.

Hatutumi gari. Leseni hatuitoi sisi, kwa hiyo hatuwezi kuifuta. Na barua ya chifu haitakiwi na yeyote.

Kikundi kinachojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA kama wengi wanavyokiita. Kilianzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na watu wawili, mmoja wa biashara ya hisa na mwingine daktari wa upasuaji, wote wawili wakiwa wameshindwa na chupa. Hadi leo sharti la uanachama ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Hakuna ada, hakuna kadi ya bima ya afya ya SHA, hakuna rufaa ya daktari. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. Kama huna kitu, mpe wa pembeni yako akipitishe. Idara yetu haipendelei kikundi kimoja kuliko kingine. Natumia mfano wa AA kwa sababu ndio unaoulizwa.

Ili kupata kikao kilicho karibu, piga 1192, nambari isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uliza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe: Jaramogi hapa Kisumu, au hospitali ya kaunti ukiwa Kakamega au Nakuru. Uliza siku, saa, lugha, na kama kikao ni cha wazi au cha wenyewe. Cha wazi kila mtu huingia. Cha wenyewe ni cha walio na shida ya pombe tu. Mke, mzazi au ndugu ana kikundi chake, Al-Anon, na anaweza kwenda hata kama mlevi wake amekataa kata kata. Vikao vingi hufanyika kwenye vyumba vya kanisa. Hilo halikifanyi kikundi kuwa kanisa. Mwislamu aketi bila wasiwasi.

Ndani utakuta viti vya plastiki, chupa ya chai na watu wanaosema jina la kwanza tu. Zamu yako ikifika unaweza kusema, "Leo nasikiliza." Hakuna atakayekushurutisha. Hata aliyepitia kwa mama pima, muuza chang'aa, asubuhi kutoa loki, yaani kunywa kidogo ili atulize uchovu wa pombe ya jana, anaweza kuketi, mradi asivuruge.

Sasa hofu ya majina, ambayo kusema kweli imenichosha. AA haiweki orodha ya kupeleka serikalini. Kunyamazia ya wenzako ni desturi ya kikundi, si sheria. Siwezi kukuahidi kwamba jirani hatakuwa na mdomo. Hospitali ni habari nyingine. Rekodi ya matibabu yako inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa makosa chini ya sheria hiyo adhabu ya jumla ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ukiona siri yako imetoka hospitalini, andika tarehe, mahali na kilichosemwa, kisha upeleke lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kuna pia wanaokuja kwa sababu ya mahakama au afisa wa probesheni. Wewe njoo na karatasi yenye jina lako, tarehe na nafasi ya saini. Mwombe mwenyekiti aitie saini baada ya kikao, si kabla. Ukae hadi mwisho. Kila karatasi itolewe nakala, kwa kuwa asilia huachwa kwa afisa. Kikundi kina uhuru wa kukataa kutia saini, kwa hiyo uliza mapema; kukataa kwao si kosa, na kuja kutulalamikia hakutasaidia.

Jambo moja nilidhani linajulikana, kumbe sivyo. Kama unakunywa kila siku na unaamka mikono ikitetemeka, usitoke kikaoni na ari ukaacha ghafla nyumbani. Degedege huweza kukupata ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka kwa kuona visivyokuwepo kati ya siku ya 2 na ya 4. Hali hiyo inaua. Anzia hospitalini, utolewe pombe mwilini ukiwa na dawa na uangalizi, kisha uende kikaoni.

Ukifika ukakuta kufuli mlangoni, usihitimishe kwamba kikundi kimekufa. Ratiba hubadilika, hasa kanisa likiwa na mazishi. Piga tena 1192, na siku utakayowakuta, usiondoke bila nambari za simu za watu wawili.