Gunia si katani

Gatini Lamu, hamali hutandika kipande cha gunia begani kabla ya kutwikwa mzigo. Uliza limefumwa kwa nini, utajibiwa haraka: "Katani." Hata mimi nililijibu hivyo kwa miaka mingi.

Katani ni ya jani la mkonge, mmea wenye asili ya Mexico, na mashamba yake hayako mbali: yapo Vipingo, njia ya Malindi kwenda Mombasa. Magunia ya katani yapo pia, ila nyuzi zake ni nyeupe na ngumu. Hili la kahawia lenye vinyweleo ni juti, na juti ni ya gome la shina. Hulimwa Bangladesh na mashariki mwa India. Mmea hukatwa ukifika miezi minne hivi, umeshampita mtu kwa kimo, kisha mashina hulowekwa wiki mbili tatu hadi nyuzi zichunike kwa mkono. Aliyewahi kufukia makumbi ya nazi ufukweni ili apate usumba wa kamba ameshaelewa.

Wengine husema ni kitambaa cha Wazungu. Wapi! Neno lenyewe gunia ni ndugu wa "goni" ya Kihindi, na Wabengali walikuwa wakisokota juti kwa mkono zamani. Walichofanya watu wa Dundee, Uskoti, miaka ya 1830, ni kuiingiza kwenye mashine. Ikawa inakatika kwa ukavu, mpaka walipoilainisha kwa maji na mafuta ya nyangumi, nao nyangumi waliletwa bandarini mwao. Mwaka 1855 kiwanda cha kusokota kikafunguliwa Rishra, karibu na Kolkata, na baadaye Bengal ikaipiku Dundee.

Mafuta hayo ndiyo jibu la dhana nyingine, kwamba gunia jipya hunuka dawa ya wadudu. Nyangumi waliachwa, yakaja mafuta ya jamii ya petroli, ndiyo maana gunia hunukia kama taa ya chemni. Juti ya magunia ya kutilia kahawa na kakao hulainishwa kwa mafuta ya mimea.

"Gunia halidhuriwi na maji." Hili hutokana na mafundi wa ujenzi, wanaofunika zege kwa magunia mabichi. Wanalitumia kwa sababu hushika maji, saruji isikauke upesi ikapasuka. Liache udongoni misimu miwili uone kama utaliokota zima.

Siku hizi magunia mengi ya mchele yanayoshushwa hapa ni plastiki tupu; jina tu limebaki.

La kuchekesha nimelibakiza. Juti hulimwa za aina mbili, na moja, Corchorus olitorius, ndiyo ile Wamisri wanayoiita mulukhiya, na sisi tunaipika mlenda. Mbengali huuacha urefuke. Sisi hatuna subira hiyo, tunauchuma ungali mchanga.