Raskazone ni viwanja, si majumba

Kila mgeni anayepelekwa Raskazone, mtaa wa ufukweni hapa Tanga, husifia majumba: baraza pana, mapaa ya vigae, bahari inayometa hapo chini. Mimi ni mpimaji ardhi, na kazi imenizoesha kutazama chini kabla ya kutazama juu. Ukiniuliza mimi, majumba yenyewe si ya kutisha. Anayetaka kuona fahari ya Wajerumani aende mjini, kwenye Boma la zamani na Mnara wa Saa. Kinachoifanya Raskazone iwe Raskazone ni masafa kati ya nyumba moja na jirani yake, na masafa hayo hayakujileta yenyewe. Yalipangwa, yakapimwa, yakawekewa bikoni, yaani alama za mipaka.

Mji wetu umekaa ukingo wa kusini wa ghuba, nayo ghuba inafunguka mashariki kuelekea mkondo wa Pemba. Ukitoka katikati ya mji kwa Barabara ya Hospitali, unaiacha Hospitali ya Bombo kushoto juu ya jabali, halafu nyumba zinaanza kuachana mpaka unafika kwenye rasi. Jabali lile ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya maji enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Fundi umeme akitoboa ukuta wa nyumba kuukuu huku hukutana na unga mweupe na vipande vyenye matundu kama sega la nyuki: mawe ya matumbawe, yameshikanishwa kwa chokaa. Kuta ni nene, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kupenya. Kaskazi ikianza kuvuma mwezi Desemba, inapanda jabali moja kwa moja hadi barazani. Kusi ya kuanzia Aprili hutokea nyuma, upande wa nchi kavu, ndiyo maana vyumba vya zamani vina madirisha pande mbili zinazotazamana.

Waliokimbilia upepo huu waliukimbilia kwa sababu ya homa. Reli ya Usambara ilipoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, Wazungu wengi bado waliamini malaria inatokana na hewa mbaya ya mabondeni. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross akaonyesha kwamba mbebaji ni mbu. Hoja ikabadilika, mahali hapakubadilika: juu, penye upepo, mbali na madimbwi, na pia, ingawa hili lilisemwa kwa kunong'ona, mbali na wenyeji. Hospitali ya Bombo ilikaa pale ilipo kwa hesabu hiyo hiyo.

Lakini mwaka 1914 Raskazone ilikuwa haijawa mtaa. Yalikuwa mashamba ya mpira na minazi, na nyumba chache zilizotawanyika. Hapo ndipo waliposhukia wanajeshi wapatao 8,000 wa Uingereza na India chini ya Jenerali Aitken, mwanzoni mwa Novemba, katika Vita Kuu ya Kwanza. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alifika kwa treni, akachukua baiskeli usiku kwenda kuchungulia, akaiacha karibu na hospitali na kushuka ufukweni kwa miguu. (Tanga na baiskeli ni mambo ya zamani.) Novemba 4 kikosi chake cha watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, kikawashinda wale 8,000 pembeni mwa mji. Nyuki waliovurugwa mizingani waliwauma watu wa pande zote mbili. Habari kwamba nyuki hao walikuwa jeshi la Mjerumani ni chumvi ya wasimulizi.

Mtaa wenyewe hasa ni kazi ya Waingereza, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Tanganyika waliishika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo kuandika waziwazi kwamba mtaa huu ni wa rangi fulani kungewaletea maneno. Wakaandika aina ya jengo. Eneo moja la nyumba za kuishi za vifaa vya kudumu, kiwanja kikubwa, nyumba moja tu katikati yake. Eneo jingine la maduka yenye makazi juu. Eneo jingine la nyumba za udongo na makuti, viwanja vidogo vilivyobanana, kama Ngamiani ng'ambo ya reli, ambako barabara zilipewa namba badala ya majina. Haikuhitajika sentensi ya kumkataza kuli wa bandarini kujenga Raskazone. Masharti ya ukubwa, umbali kutoka mpakani na vifaa vya ujenzi yalitosha kumkataa.

Ukitazama kwa makini mpangilio wa kiwanja cha wakati ule, utaona na kijumba kidogo kwenye kona ya nyuma kabisa. Hilo ndilo banda la uani. Mpishi, yaya, dobi na mlinzi walilala hapo, na mara nyingi walikuwa na mlango wao wa nje wasije wakapita mbele. Kwa hiyo watu wetu waliishi Raskazone siku zote. Waliishi kwenye kona.

Fedha iliyoujaza mtaa ilikuwa ya mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na mwaka 1893 miche 62 tu ndiyo iliyokuwa hai kupandwa karibu na Pangani. Vita vya Korea vilipopandisha bei miaka ya 1950 na 1951, wenye mashamba wakapata cha kujengea, Waingereza, Wagiriki, Waswisi na Wahindi. Nyumba za sakafu ya saruji nyekundu na madirisha ya chuma zina sura ya miaka hiyo. Kisha nailoni ikaja, bei ikaanguka, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likataifisha mashamba mengi. Sheria ya 1971 ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wakaondoka mabwana shamba, wakaingia mameneja wa mashirika ya umma. Bikoni hakuna aliyezigusa. Masharti ya wakoloni yaliendelea kuishi kwenye ramani zetu, sasa yakiitwa viwanja vya ujazo mdogo, yaani nyumba chache kwenye eneo kubwa.

Siku hizi ndipo bikoni zinapoguswa. Mzee mmoja mstaafu, mmoja wa watumishi waliouziwa nyumba za Serikali kuanzia 2002, aliniita nimmegee kiwanja vipande vinne, awagawie wanawe. Nikamwamkia, nikakaribishwa barazani, tukatandaza ramani mezani.

"Mzee wangu, hawa wa nyuma watapita wapi kuingia kwao?"

"Si pale penye mwarobaini. Tutaukata."

"Na karo la maji machafu?"

Akacheka. "Karo la Mzungu lipo, mwanangu. Linatosha wote."

Halitoshi, na sababu yake iko kwenye lile jabali. Mwamba wa matumbawe una nyufa na vijia vya maji kila upande. Maji machafu ya nyumba moja katika eneo pana yana mahali pa kutawanyika na kuchujika. Ya nyumba nne hufuata ufa, yakaingia kisimani kwa jirani au yakatokea kwenye uso wa jabali, chini wanakoogelea watoto. Ule upana tunaoudhani ni majivuno ya Mzungu ulikuwa pia mfumo wa majitaka. Ukuta wa tofali nao una gharama yake: ua wa michongoma ulipitisha upepo, fensi ndefu inauzuia, na mwenye nyumba analazimika kununua kiyoyozi mita chache tu kutoka baharini.

Sipingi kumega. Mji umejaa, na familia moja kukalia eneo la watu kumi si jambo la kulilinda kwa machozi. Ninachodai ni bomba la majitaka litangulie, na viwanja vya upande wa jabali viachwe kama vilivyo. Na mzee tulikubaliana vipande viwili, na mwarobaini umesimama kwa sababu ulikuwa mpakani.

Kwa anayetaka kununua upande wa bahari, ajue kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa kabla sheria hiyo haijafikiriwa. Kibali cha kuongeza chumba huko si cha kutegemea. Jambo la pili, omba ramani ya upimaji ya zamani, uende nayo kiwanjani, utafute bikoni za upande wa bahari. Mawimbi hula jabali kutoka chini, na juu hukatika vipande vipande. Bikoni usiyoiona huenda iko ufukweni, na kodi ya pango la ardhi utaendelea kuilipia.