Uchumi ukiyumba, rais akitulia hasalimiki

Nafundisha historia ya siasa za Marekani, na ushauri unaonikera kuliko wote ni ule anaopewa rais uchumi unapodorora: tulia, usiguse jambo linaloweza kushindikana, usiwape wapinzani cha kushika. Lakini uchumi mbaya ni mzigo wake hata akikaa kimya.

Mtazame George H. W. Bush. Mdororo ulianza Julai 1990 na kwa hesabu za wachumi ukaisha Machi 1991. Bush akaamini mambo yatajirekebisha yenyewe, ila ajira hazikurudi. Oktoba 1991 Bunge lilipitisha muswada wa kuwaongezea wasio na kazi muda wa kulipwa mafao. Kwa kuhofia nakisi ya bajeti, akaupigia kura ya turufu. Mwanzoni mwa Novemba chama chake kikabwagwa katika uchaguzi wa useneta Pennsylvania, na katikati ya mwezi huohuo akasaini muswada wa aina ileile. Fedha zilitoka, shukrani hakupata, kwa sababu watu walishaona amesukumwa. Juni 1992 ukosefu wa ajira ukafika asilimia 7.8. Katika uchaguzi wa rais wa Novemba akaambulia chini ya asilimia 38 ya kura.

Franklin Roosevelt alikuwa na hali mbaya zaidi. Mwaka 1936, takriban mtu mmoja kati ya sita katika nguvu kazi hakuwa na kazi ya kawaida. Hata hivyo katika uchaguzi wa rais wa mwaka huo alishinda majimbo 46 kati ya 48 ya wakati huo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanzisha WPA, mpango ulioajiri mamilioni kujenga barabara, shule na madaraja. Mpiga kura alikuwa na mshahara mkononi, au jirani yake alikuwa nao, na aliona mambo yanaelekea wapi. Kwangu mimi, mwelekeo huo una uzito kuliko takwimu yenyewe.

Kisha Roosevelt huyohuyo akaingiwa na tahadhari. Mwaka 1937 alibana matumizi ili kusawazisha bajeti, huku benki kuu ikiwa imekaza masharti ya akiba, yaani fedha ambazo mabenki lazima yazitunze bila kuzikopesha. Uchumi ukaanguka tena. Ni kweli pia kwamba jaribio lake la kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu lilimchafulia jina; ujasiri usiogusa riziki ya mtu hauna wa kuutetea. Aprili 1938 akarudi bungeni kuomba fedha za matumizi, na uchumi ukaanza kunyanyuka katikati ya mwaka. Uchaguzi wa bunge wa Novemba ukafika kabla ajira hazijarejea, na chama chake kikapoteza zaidi ya viti 70 katika Baraza la Wawakilishi.